Mlango wa Banda Lisilo na Gari

Mwanangu,

Najua wewe ndiye uliyenizaa. Lakini nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Milembe, na tangu nianze kuelewa maneno hujaniita binti yangu hata mara moja. Unaniita mayu, kama ulivyomwita yeye kwa Kisukuma, nami nakuita mwanangu, na wageni hucheka. Nilipokuwa darasa la tatu ulinitengea firigisi ya kuku mbele ya shangazi zangu wote. Shangazi mkubwa akasema, "Utamharibu mtoto huyu." Ukamjibu, "Mama yangu nitamharibuje? Si ndiye aliyenilea?" Wakacheka mpaka ugali ukapoa. Mimi niliila ile firigisi nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini niliimaliza.

Leo naushika umama huo kwa dhati, maana nikiwa binti yako maneno haya hayatatoka. Umekwenda Misungwi kumuaga kaka yako, mama yuko sokoni, na begi lako liko tayari sebuleni. Kesho unavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda kusimamia mitumbwi ya yule mtu tunayemwita Tajiri. Sitakuandikia habari za dawa zako za presha, wala chandarua, wala kupiga simu ukifika. Mama amekwisha kuyasema hayo, na atayasema tena getini. Mimi nataka tuzungumze juu ya mlango wa banda.

Sisi hatuna gari. Naanza hapo kwa sababu majirani wote wa Buhongwa wanaanza hapo. Ulilijenga banda pamoja na nyumba, enzi zile ukiwa kwenye kiwanda cha samaki, ukasema gari litakuja. Gari halikuja. Yakaingia magunia ya mkaa, baiskeli yako mbovu na kuku wa mama, na uwazi wa mbele tukaufunika kwa turubai. Kiwanda kilipopunguza watu na wewe ukawa mtu wa kukaa kibarazani, hukuwahi kulitaja banda. Nilikuona ukilikwepa hata kwa macho.

Halafu Tajiri akaja. Wewe huwaeleza watu kwamba alikuja kutafuta msimamizi, akaelekezwa kwako kwa sababu unawajua samaki na unawajua watu wa samaki. Mwanangu, mimi siku ile nilikuwa nafua bombani na nilimsikia. Alisimama getini, akakusalimia vizuri, akauliza, "Hilo banda ni lako?"

Ukasema ni lako.

"Kuna mtu analitumia?"

"Kuku tu."

"Gari likiingia hapa linageuzia wapi?"

Ukamwonyesha. Akaangalia njia, akaangalia mawe ya mlima nyuma ya nyumba, akaona hakuna jirani anayetazamana nasi. Ndipo akakuuliza jina lako, na kazi uliyowahi kufanya.

Jioni yake ulicheka peke yako ukinyoa ndevu. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa hujacheka hivyo siku nyingi, na mama alinikonyeza nisiseme kitu, nami sikusema. Masharti yake yalikuwa rahisi: wewe utasimamia mitumbwi, yeye ataweka mlango wa maana kwenye banda kwa gharama yake na kulifanya stoo. Stoo ya nini? Ukasema, "Vitu vya ziwani."

Ulinichukua nikakusaidie kuchagua, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nipo tu. Tulitembea kando ya barabara ya Shinyanga tukiangalia milango iliyoegeshwa mbele ya karakana, imepakwa rangi upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kunifanya nianze kugeuza vitu nyuma. Ulipenda lile geti la mabawa mawili, lenye matundu ya hewa juu, na mimi nikakukumbusha bawa la jirani zetu wa bondeni. Upepo wa ziwani ulilikuta limefunguliwa nusu, ukaling'oa na nguzo yake. Bawa likiwa pana namna ile, upepo unalishika kama tanga. Ukakubali. Ukasema, "Mayu huyu ana macho."

Tukarudi kwenye shata, ule mlango wa vipande vyembamba vya bati vilivyoungana, unaojiviringisha juu kama mkeka. Hauna bawa la kushikwa na upepo. Lakini fundi wetu, Lameck, alisema wazi kwamba shata nayo ina udhaifu wake: ikiwa pana na bati ni jepesi, upepo unaisukuma tumbo mpaka kingo zinachomoka kwenye reli za pembeni. Kwa hiyo tuchukue bati nene, na reli zenye kina. Sikumwamini. Nilidhani anataka kutuuzia bati ghali, au atuuzie nene atufungie jembamba. Siku alizofanya kazi nilikaa pale na futi ya mama ya kushonea, napima, naminya bati kwa vidole.

"Wewe binti, unaniwinda?" akaniuliza.

Ukamjibu kwa niaba yangu, "Huyo si binti, ni mama yangu. Na mama yangu alikuwa akihesabu hata mahindi kwenye gunzi."

"Basi shikamoo, bibi," Lameck akasema, akarudi kwenye kuchomelea.

Nakiri kwamba nilimshuku mtu asiyestahili. Bati lilikuwa nene kama alivyosema. Nilitumia macho yangu yote kumlinda fundi asituibie milimita, na wakati huohuo sikumtazama aliyekuwa anamlipa. Kama kuna kitu nimejifunza tangu nimalize shule, ni hicho. Mtu anayeshuku hujiona mwerevu, na hapo ndipo anapozungukwa.

Maana Tajiri alikuwa anakuja. Hakuwahi kuingia ndani, hata soda ya mama aliipokelea kibarazani akaiacha imejaa. Kuna siku alizunguka banda lote akauliza, "Nyuma kuna dirisha?"

Ukasema lipo dogo.

"Lizibeni."

Mama ndiye aliyesema, mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba beseni. "Shemeji, mlango unatazama magharibi. Jua la alasiri lote linaishia hapo. Tukiziba na dirisha, humo ndani patakuwa tanuri."

"Mzigo wangu hauogopi joto, mama."

"Hata matundu machache juu ya mlango?"

"Matundu ya nini? Kuku mtawahamishia kwingine." Halafu akatazama ule mlango wa ndani unaotoka bandani kuja jikoni kwetu. "Na huu pia mtauziba. Si haraka. Baadaye."

Wewe ukaitikia yote. Tulipokaa kula mama alinung'unika, ukamwambia, "Mtu anakuwekea mlango bure, wewe unamuuliza habari za dirisha." Sauti yako haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya kuomba.

Mwanangu, nilikaa na lile neno lake: mzigo hauogopi joto. Mlango ulipofungwa nilijaribu. Niliweka mshumaa kwenye rafu ya banda mchana, nikateremsha shata. Jioni niliukuta umeinama kama mtu anayesinzia. Nikaanza kufikiri ni kitu gani cha ziwani kinachoweza kukaa humo. Samaki haiwezekani. Dagaa wakavu watatoa jasho na kuota ukungu. Petroli ya injini za boti hakuna mwenye akili atakayeifungia ndani ya joto lile, ukutani kwa jiko. Injini? Mtu hazibi dirisha kwa ajili ya injini. Atataka mwanga na hewa, na fundi wake ataingia na kutoka.

Zikabaki nyavu. Na nyavu halali huanikwa hadharani mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kila mtu anaziona, hazihitaji kuletwa Buhongwa, karibu na barabara kubwa, nyuma ya mlango mzito usio na tundu. Zinazofichwa ni zile za matundu madogo, zinazochota mpaka vitoto vya sangara. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Wakati ule wa kiwandani ulikuwa unaleta nyumbani hadithi za samaki waliokataliwa kwa udogo, na ulikuwa unakasirika kweli.

Sina uhakika. Nataka ulijue hilo. Sijaona uzi hata mmoja. Labda ni kitu kingine kabisa, na labda nitakuja kukuomba radhi. Lakini nimeuangalia mlango ule upande wa nyuma kama tulivyoiangalia milango ya barabarani, na upande wa nyuma haujapakwa rangi.

Halafu ikaja ile mvua. Unajua upande unaotuletea jua la alasiri ndio unaoleta na dhoruba. Mbingu iligeuka rangi ya sufuria, upepo ukaanza kupiga kabla ya tone lolote, na shata ikaanza kunguruma. Tulipoingia bandani kupitia jikoni tulikuta imefanya tumbo kuelekea ndani, na kona ya chini kushoto imeanza kuchomoka kwenye reli. Upepo ukaingia pale, na bati la paa likaanza kuinuka na kushuka, likigonga mbao. Wewe ukaweka mgongo kwenye mlango. Mama akaweka mgongo. Mimi nikaweka.

"Mayu, toka hapo," ukaniambia.

"Sitoki."

"Nimesema toka, bati litakukata."

"Nikitoka utabaki na nani upande huu?"

Mama akasema, "Nyie mtagombana mpaka paa liende?" Na akaanza kucheka, mama, katikati ya kelele ile, mpaka na sisi tukacheka huku tunatetemeka na maji yanatupiga vifundoni. Tulikaa hivyo mpaka upepo ukachoka. Nadhani sijawahi kuwa karibu na ninyi wawili namna ile. Siandiki kukupamba. Naandika kwa sababu kilichofuata kilinikata.

Simu yako iliita ungali umelowa. Alikuwa Tajiri. Uliweka sauti kubwa kwa kuwa mikono yako ilikuwa na matope. Hakuuliza kama tuko salama. Aliuliza, "Mlango umesimama?"

Ukamweleza. Ukasema unaumwa mgongo kidogo. Akasema, "Sawa. Mwambie fundi aimarishe. Wekeni chochote, mradi usimame." Akakata.

Nilikutazama nione kama umesikia nilichosikia. Ulikuwa unafuta simu kwa shati.

Lameck alirudi akabadilisha reli, akaweka zenye kina zaidi. Mimi nikamuuliza, mbele yako, kama upepo unasukuma kutoka nje, kwa nini kinachoushikilia mlango kiwe nje tu. Kulikuwa na sehemu ya kufuli nje, basi. Akasema nasema kweli, milango kama hiyo ya upande wa ziwa ni vizuri iwe na makomeo ndani, mawili yaingie ukutani na mawili sakafuni. Ukasema, "Weka." Akachimba sakafu, akamimina zege, akaweka makomeo manne ya chuma kinene kama kidole chako gumba. Dhoruba iliyofuata shata haikutikisika. Ulifurahi, ukaligonga bati kwa ngumi, ukasema hata tembo hapiti.

Hukufikiri, mwanangu, na Tajiri hakufikiri, kwa sababu yeye alisema wekeni chochote. Ufunguo wa kufuli la nje anao yeye, na hukubakiza hata mmoja. Lakini makomeo ya ndani hufungwa na kufunguliwa na mtu aliye ndani, na ndani huingiwa kwa kupitia jikoni kwetu.

Wiki hii vijana wawili wa Tajiri walikuja na pikapu kujaribu kama inaingia. Ulikuwa umekwenda kununua kiatu. Waliingiza gari kinyumenyume, wakateremsha shata, wakakaa humo ndani na gari lao. Niliwasikia kupitia mlango wa jikoni. Mmoja alisema, "Mzee mwenyewe ataambiwa nini?" Mwingine akasema, "Mzee si atakuwa ng'ambo? Hapa wanabaki wanawake." Wakacheka. Walipotoka wakanisalimia kwa adabu, wakasema mwashi atakuja Jumatatu kuziba mlango wa jikoni. Kwa hiyo ile baadaye imefika, siku chache tu baada ya wewe kuondoka.

Nilikuuliza jana tukila. Ilinichukua kutoka tonge la kwanza mpaka karibu na la mwisho.

"Mwanangu, ule mzigo ni nini?"

"Mzigo ni mzigo, mayu."

"Umewahi kuuona?"

Ukageuza bakuli la mchuzi kama unatafuta nyama iliyojificha. "Nitauona nikifika huko."

"Huko? Mzigo si unakuja hapa?"

Mama aliacha kutafuna. Ukasema umechoka, ukaenda kulala jua bado halijazama vizuri.

Sikudhani kwamba unajua na unatuficha. Ningekuwa nadhani hivyo nisingekuandikia, ningekwenda kumlilia shangazi. Nadhani hujui, na nadhani umeamua usijue, kwa sababu kazi hii imekurudishia uso wako. Nauona. Umeanza tena kupiga pasi shati. Umeanza kuwasalimia wale wenzako wa kiwandani badala ya kupita njia ya nyuma. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kutaka kukunyang'anya hilo. Bibi niliyepewa jina lake, ulinieleza, alikaa kimya siku babu alipouza ng'ombe wa mwisho kumfuata rafiki yake Geita, kwa sababu babu alikuwa anapiga mluzi kwa furaha. Ulisema alijutia kuunyamazia ule mluzi mpaka kaburini. Sitaki kulirithi na hilo pamoja na jina.

Watu wa serikali wakija kukagua, hawatakwenda ng'ambo kukutafuta kwanza. Watagonga hapa. Watauliza nyumba ya nani, na mama atasema jina lako, kwa kuwa mama hajui kusema uongo, na watamchukua yeye mpaka wewe upatikane. Tajiri hataonekana. Hakuna hata glasi iliyoguswa na mdomo wake ndani ya nyumba hii.

Sasa nakueleza nilichofanya, usije ukakisikia kwa mtu. Baada ya wewe kupanda gari la Misungwi, niliingia bandani nikasukuma makomeo yote manne. Lile la sakafuni kulia lilikuwa gumu, nikaligonga kwa mchi. Mama nilimweleza kabla hajaenda sokoni. Akaniuliza, "Umemwambia mwanao?" Nikasema namwandikia. Akachukua kikapu, akaenda. Jumatatu mwashi akija nitampa chai na kumwambia arudi alikotoka, mlango wa jikoni hauzibwi. Nimelisema hili peke yangu chumbani mara kadhaa ili nisije nikashindwa.

Na Tajiri akija na ufunguo wake, atafungua kufuli lake, atavuta, na shata haitapanda. Nitatoka nje nimsalimie. Nitamwambia mwenye nyumba hayupo, na mzigo utaingia siku mwenye nyumba atakapokuwepo, uteremshwe mchana, ufunguliwe hapa uani tuuone. Kama ni nyavu za haki au makopo ya rangi, nitayafungua makomeo mwenyewe na nitamwomba msamaha mbele ya mama. Nitaogopa. Unajua sauti yangu inavyokuwa mbele ya wageni. Lakini makomeo hayahitaji sauti.

Isipokuwa sitaki jambo hili liwe kati yangu na yeye. Wewe ndiye uliyempa mkono. Kwa hiyo usiniachie mimi na mama tumalize mazungumzo uliyoyaanza wewe getini. Kesho ukifika Kamanga, kabla hujakata tiketi, mpigie. Muulize mzigo ni nini, kwa jina lake, kama ulivyokuwa ukiuliza samaki kiwandani. Akikujibu vizuri, vuka, na Mungu akutangulie. Akikujibu kwamba mzigo ni mzigo, mwambie banda hapati, lakini kazi ya mitumbwi bado unaitaka. Halafu usiseme kitu kingine. Sikiliza tu. Kama alikuajiri wewe, atakubali, maana mabanda yako mengi Mwanza na msimamizi anayejua samaki hapatikani kila siku. Kama atasema basi hata kazi hakuna, utakuwa umejua alichokuja kutafuta hapa, na utakuwa umejua mapema.

Itauma. Sitakudanganya kwamba haitauma. Utarudi na begi lako mchana kweupe, na majirani watauliza, na mimi na mama tutasema tulikuhitaji nyumbani, jambo ambalo ni kweli.

Barua hii naiweka juu ya begi lako, chini ya kofia, mahali ambapo lazima uiguse kabla ya kuondoka. Isome kivukoni kama unaona aibu kuisoma mbele yetu. Lakini mpigie ukiwa bado upande huu wa maji.

Mimi mama yako,
Milembe